Mkate wa Kwanza wa Mama Ernestine

Kila asubuhi, kabla mteja yeyote hajahudumiwa, Ernestine huketi kwenye kigoda mbele ya kiwanda chake cha mikate huko Birere, mjini Goma, humega mkate na kuula mbele ya watu. Wageni hudhani ni njaa. Wenyeji wanajua.

Alitoka Butembo akiwa msichana, akauza maharagwe Goma hadi mwaka 2002, lava ya Nyiragongo ilipomeza nyumba na magunia yake yote. Katika kukimbia alimkuta kando ya barabara mwanamke asiyemjua, mkimbizi kama yeye, mwenye termosi moja ya chai. Yule mwanamke alionja kwanza, kama ilivyo desturi katika mji wetu unaoogopa sumu, kisha akampa kikombe.

"Kunywa, dada. Hakuna kitu ndani."

Aliitwa Mukamugema. Ernestine huapa kwamba hajawahi kunywa chai tamu kama ile, na haikuwa na sukari hata chembe.

Waliporudi walijenga tanuri kwa mawe ya lava ileile, maana nyumba ilikwisha na mawe yalikuwa bure. Leo wafanyakazi ni thelathini na wawili. Kila karai la unga hukandwa na watu wawili wa makabila tofauti. Asiyetaka, mlango uko wazi. Kila Jumamosi gari la mikate lilipanda hadi kambi ya Kanyaruchinya kwa waliokimbia vita, na hakuna aliyeulizwa kabila lake.

Vita vilipokaribia mji, jina la Kinyarwanda tu likatosha kumhukumu mtu. Uvumi ukazuka kwamba Mukamugema anatia sumu kwenye mikate, na watu wazima, wenye akili zao, wakajibu kuwa lisemwalo lipo. Muzee Bashige, mwenye duka la jumla ng'ambo ya barabara na mteja mkubwa kuliko wote, alikuja mwenyewe.

"Mama Ernestine, ule mwanamuke aende kwao. Kama anabakia, mukate yako hatutakula tena."

"Kwao ni hapa, muzee."

"Basi utafunga."

"Nitafunga. Lakini yeye hatatoka."

Mukamugema alikwisha kuvua aproni. Ernestine alimfunga tena kwa mikono yake mwenyewe, akachukua mkate wa kwanza aliokanda rafiki yake, akaenda kuula nje. Ndivyo kigoda kilivyoanza. Na kama kweli ilikuwa sumu, basi ilimnenepesha.

Wateja walirudi mmoja mmoja. Bashige hakurudi. Alisimama tu mlangoni kwake kila asubuhi, mikono mgongoni, akitazama.

Mwezi wa nane malaria ilimwangusha Ernestine nyumbani kwake Keshero. Alijua kwamba kigoda kikiwa kitupu foleni itatawanyika, na Mukamugema atavua aproni bila mtu wa kumfunga. Akapanda pikipiki na homa yake.

Foleni ilikuwepo. Kwenye kigoda alikuwa Muzee Bashige, mashavu yamejaa mkate.

"Miezi munane nilingojea Mama Ernestine akufe na sumu," alisema akimeza. "Nimechoka kungojea. Mama Mukamugema, unisamehe."

Ernestine alilia pale pale barabarani, akamshukuru Mungu kwa sauti, wala hakuona haya.

Mukamugema aliingia ndani. Akatoka na kikombe cha chai. Alipokiinua ili aonje kwanza, mzee alimshika mkono.

"Hapana, mama. Leta tu."