Mama Penseli na Hesabu Zilizoshuka

Tulimwita Mama Penseli, na jina hilo nililianzisha mimi, kwa ubaya. Kila asubuhi, kabla hajagusa kitu, alichonga penseli kwa wembe, akayakusanya maganda kiganjani na kuyatupa nje. Mtu nadhifu kiasi hicho, nilijiambia, lazima kuna anachokificha. Ndivyo nilivyo. Sukari ikipungua kwenye kopo, nahesabu kwanza walioingia jikoni.

Mimi ni fundi wa kituo. Tunahesabu chembe ndogo mno zinazoifikia dunia kutoka kwenye nyota za mbali, zile ambazo wataalamu huziita mionzi ya kosmiki. Huzioni wala huzisikii. Kibandani mna mirija iliyozungushiwa matofali ya madini ya risasi, na kila chembe inaponaswa, mtambo unaongeza moja. Kila saa ya mchana mtu husoma mtambo, husoma mgandamizo wa hewa, ambao nao huweza kubadili hesabu, huandika daftarini.

Kwa miaka tisa daftari lilikuwa langu. Macho yalipoanza kunichezea shere, mkuu wa kituo akamleta huyu mama, mjane aliyelea wanawe watatu kwa kupima mizigo ghalani.

"Huyu haongezi wala hapunguzi," mkuu alitamba. Maneno yale yananikera mpaka leo.

Jumatano moja hesabu zikaanza kushuka. Saa tatu asubuhi zilikuwa za kawaida. Saa sita zilikuwa zimepungua. Saa tisa, katika kila chembe ishirini tulizozoea, moja haipo.

"Kaka fundi, hebu njoo uangalie," aliniita. "Hewa haijabadilika, lakini mtambo unapungua tu."

"Mtambo wangu ni mzima, dada. Labda anayeusoma ndiye mgonjwa."

Hakucheka. Nilipima umeme, nikakagua nyaya, nikagonga mrija mmoja mmoja. Hakuna kasoro. Basi, nikapata jibu nililokuwa nalitafuta tangu siku aliyofika: mama huyu anatoroka kazini, halafu anarudi kubuni tarakimu. Nikaenda moja kwa moja kwa mkuu na kumwaga yote.

Mkuu alimwita mbele yangu. "Mama, nitaandikia vituo vingine. Kama kwao hesabu ziko vilevile na kwako zimeshuka, sina la kukusaidia. Kazi huna."

"Nimeandika nilichokiona, mzee," alisema. Sauti ilikuwa tulivu, lakini vidole vilikuwa vinalisokota pindo la khanga. Mwanawe wa mwisho alikuwa bado shuleni, na sote tulijua.

Tulipotoka nikamfuata. Nilimwonea huruma kidogo, nakiri, ingawa huruma yenyewe ilikuwa ya kichokozi. "Dada, futa hizo. Andika zile za kila siku. Zikirudi juu, nani atajua?"

Alinigeukia. "Wewe ungefanya hivyo?"

Nikasema nina kazi kibandani.

Alhamisi zilishuka zaidi, akaziandika. Niliingia ghafla mara nne nimkamate. Mara zote nne nilimkuta amekaa mbele ya mtambo.

Ijumaa majibu yakafika. Vituo vyote vilivyojibu vilikuwa vimeshuka, tena kuanzia siku ileile. Mkuu alitusomea. Jua lilikuwa limelipuka Jumatatu na kurusha wingu kubwa lenye usumaku. Wingu hilo lilipoifikia dunia, liliisukuma kando sehemu ya mionzi ya mbali, kama mwavuli unavyozuia manyunyu. Likishapita, hesabu hupanda taratibu kwa siku kadhaa.

"Mama, nisamehe," mkuu alisema. Nami nikanung'unika kitu kinachofanana na samahani.

Ningeondoka hapo hapo, ningelala vizuri. Lakini mkuu aliendelea kusoma. "Wanasema mlipuko kama huu ulitokea pia miaka sita iliyopita, na vituo vyote vilishuka. Wanaomba hesabu zetu za wiki ile. Mama, tuletee daftari la mwaka ule."

Mama Penseli alipanda kigoda, akalishusha kutoka rafuni, akafungua ukurasa wa wiki ile. Mwandiko ulikuwa wangu. Tarakimu zilikuwa zimelala sawasawa kutoka Jumatatu hadi Jumapili, hakuna hata moja iliyoshuka.

Niliikumbuka wiki ile. Mtambo ulipungua, nikadhani umeharibikia mikononi mwangu, nikaogopa kufukuzwa. Nikaandika zile za kila siku. Zilirudi juu, na hakuna aliyejua.

Alishaona. Nilijua kwa jinsi kidole chake kilivyosimama katikati ya ukurasa. Nilingoja aseme, maana ningekuwa mimi ningesema. Badala yake alinisogezea daftari, na juu yake akaiweka penseli yake, imechongwa tayari.

"Vipi?" mkuu aliuliza. "Zilishuka?"

Nilichukua penseli. Pembeni mwa ukurasa nikaandika, kwa herufi kubwa ambazo hata macho yangu yaliziona: Hizi zimebuniwa na fundi. Kisha nikamgeuzia mkuu asome.