Kikombe kwa Kila Debe

Siku moja ya msimu wa kahawa hapa Iyula haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa nesi mpya, mjuaji kweli kweli. Shambani kwa baba, ukijaza debe la kahawa ulipewa kikombe cha chai ya majani ya mti wa kahawa, na watu walisema chai ile inashusha presha.

Nikasema nitahakikisha. Jioni niliwapima wachumaji wote presha, nikauliza kila mmoja amekunywa vikombe vingapi. Kila mtu nikamwekea nukta kwenye karatasi ya grafu, vikombe chini, presha pembeni, kisha nikapitisha mstari katikati ya nukta. Ukateremka! Vikombe vinaongezeka, presha inapungua. Weee, nilijiona daktari bingwa.

Shangazi Eliza, aliyenilea, alikuwa amevichoka vidonge vyake vya presha. Nikamwambia, "Viache, Shangazi. Kunywa chai." Akaniamini.

Wiki mbili baadaye nikampelekea nesi mkuu ile karatasi, najidai. Akaitazama.

"Hawa wa vikombe saba ni akina nani?"

"Vijana, mama. Wanajaza debe haraka."

"Na wa kikombe kimoja?"

Nikazitazama tena zile nukta. Walikuwa wazee, wa rika la Shangazi.

"Haya, watenganishe, uchore upya."

Nikachora vijana peke yao, wazee peke yao. Mistari yote miwili ikalala tu, haipandi wala haishuki. Chai haikuwa imeshusha kitu. Wenye ujana ndio waliojaza madebe mengi, wakapata vikombe vingi, na presha zao zilikuwa chini tangu mwanzo.

Nilikimbia kwa Shangazi huku nalia. Nikamkuta amejishika kichwa, presha imepaa. Tulimbeba kwa pikipiki hadi hospitali, na namshukuru Mungu, alipona. Alipofumbua macho akasema, "We mtoto, karatasi yako ilitaka kunizika." Nikamwomba radhi.

Kwa hiyo mwanangu, wakikutumia kwenye simu dawa yenye mstari unaoshuka vizuri, usiogope hesabu. Mimi napima na kuchora mpaka leo. Ila uliza nukta zile ni akina nani, na wanatofautiana kwa nini kingine. Vitu viwili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba kimoja kimeleta kingine. Na kidonge cha mtu usikisimamishe kwa karatasi yako.

Mungu akupe ujasiri wa kuuliza. Na siku utakapokosea, akubakizie Shangazi wa kumwomba radhi, kama alivyonibakizia mimi.