Bwanadi wa Mwanasiti

Nilipokuwa bado mtoto, kule kisiwani Kudha, jua likifika utosini hatukuruhusiwa kukanyaga nje. Bibi alisema huo ni wakati wao. Hakuwataja, alisema "wao" tu, nasi tukaelewa. Alisema hupita mbele ya nyumba za watu wakiita majina, na anayeitika hufuatwa.

"Jina lako wanalijua," alituambia kwa Kibajuni chetu, ambacho mtu ni mchu. "Kila mchu analijua jina lako. La mama yako ndilo wasilolijua. Wa kwenu akikuita, atakuita pamoja na mamako. Ukiitwa hivi hivi, nyamaza."

Basi nyumbani kwetu hakuna aliyeitwa kwa jina tupu. Mimi nilikuwa Fatu wa Mwanasiti, na mdogo wangu alikuwa Bwanadi wa Mwanasiti. Mama yetu alifariki Bwanadi akiwa bado ananyonya, na mimi hata sura yake siikumbuki. Siku hizi nadhani Bibi alikuwa na sababu nyingine ambayo hakuisema. Jina la mwanawe lilitajwa mle ndani kutwa nzima, kama kwamba mwenyewe yuko jikoni.

Bwanadi alikuwa na akili. Chuoni, tulikosoma Kurani, aliwapita waliomzidi umri. Mjomba wetu aliyekuwa Mombasa akampatia wafadhili wa Kizungu, nao wakamtia katika skuli moja ya kimataifa, ya bweni, Nairobi. Watu walikuja kumpongeza Bibi. Mimi nilibaki na chuo, na baadaye skuli ya kawaida Kismayu, nikajua kusoma na kuandika, basi. Sisemi haya kwa wivu. Ingekuwa ni wivu, ungeshakwisha.

Aliporudi likizo ya kwanza alikuwa amerefuka, na alitembea mchangani na viatu. Tulikaa ndani, Bibi anasuka ukili wa mkeka, yeye anatuhadithia. Darasani mwao walikuwa watoto wa nchi nyingi. Wengine baba ni wa huku, mama wa kule, na wao wamezaliwa pengine kabisa. Kifaransa alikuwa amekianza. Lakini bwenini ilikuwa Kiingereza tu, na anayeshikwa na lugha nyingine hunyimwa mchezo wa Jumamosi.

"Hata hii yetu?" Bibi akauliza.

"Hii yetu niseme na nani, Bibi? Niko peke yangu."

"Sema na ukuta. Ukuta hausemi uongo, na hauchukui mchezo wa mchu."

Tulicheka sote. Kisha Bwanadi akasema, kama jambo dogo, kwamba walimu wanaona tabu kulitamka jina lake, kwa hiyo wanamwita Ben.

Bibi aliacha kusuka. "Ben wa nani?"

"Ben tu, Bibi."

"Nawe huitika?"

"Nisipoitika wanasema nina kiburi."

Bibi aliokota ukili wake, lakini niliona anaufumua pale alipokuwa ameshasuka.

Siku chache baadaye, adhuhuri, tulikuwa tumejilaza mkekani tukingoja chakula. Nje kimya. Ndipo ikaja sauti, na mimi niliisikia kwa masikio yangu: "Ben!" Iliita mara moja, ikanyamaza. Sikuweza kusema ni ya mwanamume au ya mwanamke. Bwanadi alikuwa katika usingizi. Kabla hajafumbua macho vizuri alikuwa ameshasema "Yes!" na ameshavuka kizingiti.

"Bwanadi wa Mwanasiti!" Bibi alipiga kelele. "Rudi!"

Hakurudi. Nilimkimbilia mpaka mlangoni. Alikuwa amesimama katikati ya mchanga mweupe, miguu mitupu, anatazama huku na huku. Mbuzi walikuwa wamelala kwenye kivuli cha ukuta. Hakukuwa na mtu. Na jina lile, kisiwani pale, nje ya nyumba yetu hatukuwa tumemwambia yeyote.

"Nani ameniita?" akauliza.

"Mimi nimekuita," Bibi akasema. "Mbona hukuitika?"

"Sikukusikia, Bibi. Wallahi sikukusikia."

Bibi alimfukiza ubani, akamsomea Ayatul Kursi kichwani. Bwanadi alitulia, akitabasamu kidogo ili tusione kuwa ameogopa. Alipotoka uani, Bibi aliniambia mimi: "Huyu ameshazoea kuitika kwingine. Itafika siku ataitwa kwa jina lake, naye asisikie."

Yawezekana aliyeita ni mtoto wa jirani aliyetusikia dirishani. Nimeliwaza hilo mara nyingi. Mola ndiye ajuaye.

Bibi alikufa Bwanadi akiwa kwenye mitihani, na hakuja kumzika. Kutoka Nairobi alipelekwa Ulaya kusoma zaidi, akabaki huko. Alikuwa akinipigia simu. Kibajuni chake kilikuwa kinapungua, akianza neno anasimama, analitafuta, halafu anaweka la Kiingereza. Siku moja aliniambia: "Dada, Nairobi waliniita Msomali. Wasomali wa huku wananiambia Mbajuni si Msomali. Nikija Kudha watoto wananifuata, mzungu, mzungu. Niambie wewe, mimi ni wa wapi?"

"Wa Mwanasiti," nikamjibu.

Akacheka kwa namna ambayo sikuipenda.

Mwaka jana aliugua. Muuguzi wa huko huko Ulaya, binti mpole, alinishikia simu ya video ili nimwone. Nilimwita: Bwanadi wa Mwanasiti. Macho hayakufunguka. Nikamwita tena, nikamsomea Yasini mpaka sauti ikakauka. Hakutikisika. Ndipo yule binti alipomwinamia, akasema taratibu, "Ben?"

Akafumbua macho.

Akasema maneno, si machache, polepole, kama mtu anayetoa wasia. Aliyasema kwa Kiingereza. Binti alimjibu, akamfuta uso. Mimi niliona midomo tu. Kabla sijapata wa kunitafsiria, ndugu yangu alikuwa ameshaondoka duniani. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Waislamu wa mji ule walimzika, Mungu awalipe kheri. Katika talkini, maneno anayosomewa maiti kaburini, huitwa kwa jina lake na la mama yake. Imamu akauliza jina la mama. Walikuwepo marafiki zake wa skuli, waliokula naye na kulala naye bweni moja miaka yote ile. Hakuna aliyelijua. "Tukamwita mwana wa Hawa," mmoja wa waliozika alinieleza. "Inajuzu, dada."

Najua inajuzu. Sote ni wana wa Hawa. Sheikh wetu hapa Kismayu aliniambia malaika hawapotei njia, na mimi naamini hivyo. Kwa Mola wangu sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni na watu. Wananiambia nishukuru, skuli ile ilimpa dunia. Ni kweli ilimpa. Nani aliiambia ichukue na malipo? Walimu waliokuwa na ndimi za kusema Kifaransa na Kijerumani walishindwa na jina Bwanadi! Mtoto anayeweza kubeba lugha tano, ya sita iliyokuwa ya mama yake ingemlemea nini? Walimpenda, sikatai. Walijua timu anayoshabikia, walijua anavyoinywa chai. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza, wewe ni wa nani?

Bibi alikosea jambo moja tu. Alidhani wao hupita adhuhuri, na hawaonekani. Mimi nimewaona katika picha ya skuli aliyokuja nayo likizo ile ya kwanza. Wanatabasamu, wamemshika bega.

Sasa kila nikimaliza swala ya adhuhuri namwombea, na jina lake nalitaja lote, polepole. Kisha najiombea mimi, Mola aniondolee hasira hii. Lakini dua hiyo ya pili, Yeye anajua, bado siiombi kwa moyo wote.