Folda Iliyobadilika Jina

Mtaani walimwita Fundi Kadi, na jina lilimkaa. Ukitaka kuoa, kuzika au kufungua duka, kadi yako au tangazo lako lilipitia kwenye chumba chake cha mbele: kompyuta moja, mashine ya kuchapia iliyokohoa kabla ya kutoa kila karatasi, na dirisha la nondo lililotazamana na karakana ya useremala. Chumba cha nyuma ndiko alikoishi na mkewe, Mama Pacha. Pacha wenyewe, mabinti wawili, walishaolewa na kuhamia mbali.

Fundi alisifika kwa subira. Mteja akiomba kufundishwa, alimvutia kigoda. "Usiogope," angesema. "Kioo hiki kichukulie kama meza ya ofisini. Vipicha hivi ni vitu vilivyowekwa mezani. Folda ni jalada, faili ni karatasi iliyomo ndani. Ukifungua kitu kinakuja kama dirisha, na madirisha yote yaliyo wazi utayaona yamejipanga kwenye mstari wa chini. Usichokitaka kinakwenda kwenye pipa la taka, na pipa lenyewe halimwagwi mpaka useme mwenyewe." Mwalimu mkuu alijifunza pale. Muuza mkaa alijifunza pale, mikono yake myeusi imefungwa mifuko ya plastiki ili asichafue kibodi.

Mama Pacha aliyasikia hayo yote kupitia pazia. Yeye hakuvutiwa kigoda.

Si kwamba hakuomba. "Baba Pacha, nifundishe na mimi."

"Utaandika nini?"

"Habari za baba."

Baba yake alikuwa mshika mnyororo wa wapima barabara. Miaka thelathini alitembea na ncha moja ya mnyororo wa kupimia, mpimaji akiwa nyuma na darubini yake, na hakuna daraja la upande ule ambalo hakuvuka maji yake kwa miguu kabla halijajengwa. Kila Jumapili Mama Pacha alipokwenda kumsalimia, mzee alimpa kipande kipya.

"Nitakuandikia mwenyewe," Fundi alisema. "Subiri kazi zipungue."

Kazi hazikupungua. Basi mchana mmoja Fundi alipotoka kwenda kununua wino, mkewe aliketi mbele ya kompyuta. Alisogeza kipanya mpaka mshale ukatua juu ya folda moja, akiamini kwamba akiifungua atapata karatasi ya kuandikia. Alishasikia mara mia kwamba kitu hufunguliwa kwa kubonyeza mara mbili. Akabonyeza mara moja, akangoja aone kutatokea nini, akabonyeza tena. Kisha akainamia kibodi na kuanza kuwinda herufi kwa kidole kimoja. Alipoinua uso hakuona karatasi yoyote. Kwa hofu akabonyeza kile kitufe kikubwa cha pembeni mwa kibodi, akakimbilia jikoni.

Fundi alirudi na bwana harusi nyuma yake, pamoja na kaka zake watatu waliokuja kuona kadi. Akatafuta folda yao. Hakuiona.

"Nani amegusa hapa?"

"Niligusa kidogo tu," mkewe alijibu kutoka mlangoni.

"Kidogo tu! Umefuta harusi ya watu! Nimekwambia mara ngapi usiguse usichokijua? Kazi yako iko kule jikoni!"

Bwana harusi alitazama viatu vyake. Mama Pacha alirudi nyuma ya pazia.

Jioni ile, wageni wamekwishaondoka na jua halijazama, Fundi alikuwa akipanga kadi upya alipoona kwenye orodha yake folda asiyoijua. Jina lake lilikuwa *baba yangu alianza kazi*. Akaifungua. Kadi zote za harusi zilikuwemo, nzima, hata nukta haikupotea. Ukibonyeza mara mbili polepole, kompyuta hudhani unataka kubadilisha jina. Maneno ya mkewe yalikuwa yameingia pale badala ya kwenye karatasi. Kwa mtu anayefundisha wengine, hilo lilikuwa jambo la kucheka na kusahihisha kwa nusu dakika.

Kutoka pale hadi jikoni ni hatua nne. Hakuzipiga. Angeanzaje, naye alishapiga kelele mbele ya wanaume wanne? Aliyafuta yale maneno, akairudishia folda jina lake la zamani, akajiambia atamweleza kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa aibu. Miezi saba baadaye mzee alifariki. Msibani mtu mmoja alisema, "Huyu angeandikwa kitabu." Mama Pacha aliinama, akachezea ukingo wa kanga yake. Fundi naye aliinama, kwa sababu aliyoijua yeye peke yake.

Ilipita miaka kumi na moja kabla kioo hakijaanza kumchezea Fundi. Siku moja hakuliona pipa la taka. Siku nyingine saa ya pembeni, chini kule, ikatoweka. Akailaumu kompyuta, akaizima na kuiwasha, mpaka mteja akamwambia, "Fundi, si hilo hapo pipa, pembeni?" Alilazimika kugeuza kichwa kizima ili alione.

Hospitali walisema ni presha ya macho, na imeanza siku nyingi, ikimla kutoka pembeni. Daktari hakumficha: kilichokwisha kupotea hakitarudi. Matone ya dawa yalichelewesha tu. Mwaka uliofuata, hata lile duara la katikati alilokuwa bado akionea lilikuwa limebaki ukungu.

"Mama Pacha," aliita asubuhi moja, "njoo ukae hapa."

"Mimi? Nikae nifanye nini?"

"Uwe macho yangu."

Alikuja, akafuta mikono kwenye kanga mara tatu, akaketi.

"Niambie unaona nini."

"Picha ya maua, imejaa kioo kizima. Kushoto vipicha vimepangana kama wanafunzi mstarini. Chini kuna mstari mweusi, mwisho wake kuna saa. Na saa yenyewe iko nyuma dakika tano, umeiacha ikudanganye."

Fundi akacheka, cheko lake la kwanza tangu hospitali. "Mshale uko wapi?"

"Umetoroka. Aa, huu hapa, umejibanza kwenye kona."

"Kipanya usikinyanyue, kiburute tu mezani. Sasa weka mshale juu ya folda ya kwanza, ubonyeze mara mbili."

Alisikia mlio mmoja. Kimya. Mlio wa pili.

"Jina limegeuka bluu," Mama Pacha alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Baba Pacha, njoo ushike mwenyewe, nitafuta tena kama zile kadi za harusi."

"Bonyeza kitufe cha juu kabisa kushoto. Limeacha?"

"Limeacha."

Fundi akamgeukia. "Siku ile hukufuta kitu."

"Unasemaje?"

"Ulibadilisha jina la folda, basi. Kadi zote zilikuwemo."

"Ulizikuta lini?"

"Siku ileile. Jioni."

Ng'ambo msumeno wa seremala ulikwenda na kurudi.

"Na nilichoandika ulikiona?"

"Nilikiona."

"Kilisemaje? Mimi nimeshasahau."

"'Baba yangu alianza kazi.'"

Alimsikia akivuta pumzi. "Miaka kumi na miwili napangusa hii mashine ikiwa imezimwa," alisema taratibu, "na bado naiogopa. Na wewe umekaa hapo, unanitazama."

"Nilikuwa nakutazama. Nisamehe, mama."

"Kuna mteja mlangoni," alijibu, akasimama.

Kazi hawakuiacha, maana walihitaji kula. Baada ya miezi mitatu Mama Pacha alibonyeza kwa kasi inayotakiwa, akafungua madirisha manne kwa pamoja bila kupotea, na wateja wakazoea kumwambia yeye wanachotaka. Fundi aliketi kando akitaja vipimo vya herufi kwa kumbukumbu.

Siku ambayo hapakuwa na wateja alimwambia, "Fungua ukurasa mpya. Andika ya mzee, hata kama ni kidogo kidogo."

Alijaribu wiki nzima. Fundi alisikia vitufe vikienda, vikisimama, vikirudi kufuta. Ijumaa vikanyamaza.

"Najua alivuka mto na mnyororo mabegani," Mama Pacha alisema. "Mto upi, alikuwa na nani, walicheka nini walipofika ng'ambo, hayo alikuwa nayo yeye. Nikiendelea nitakuwa nabuni."

"Umefika wapi?"

"Mistari saba."

Jumapili binti mmoja alipiga simu, na Fundi akamsimulia yote, tangu folda mpaka ile mistari saba, bila kujipendelea.

"Baba, mama amekusamehe?"

"Niliomba mara moja," Fundi alisema. "Ya pili sijathubutu."