Tenga la Mheshimiwa

Yule mgombea udiwani alipofika Ilula kuomba kura, hakuja na jukwaa. Mama yangu, ambaye aliuza nyanya kando ya barabara kuu, alimwaga nyanya zake kwenye turubai, akapindua tenga la mbao na kulifuta kwa kanga ili mgeni apande. Mimi nilikuwa nimetoka Iyunga, ninakoshona nguo, kumsalimia mama.

"Kamwene," alisalimia yule bwana kwa Kihehe, na Wahehe wakafurahi. Kisha akasema serikali haina kazi ya kumpangia mtu auzie wapi mali aliyoilima mwenyewe. Mwenye nyanya na mwenye njaa waachwe, wataelewana. Nilipiga makofi. Maneno yalikuwa ya kweli, na mpaka leo nayaona ya kweli.

Tangu siku hiyo lile tenga halikutiwa nyanya. Lilikaa mbele ya kibanda, mama akilipangusa vumbi kila asubuhi. Kwa mila za kwao mama, mgeni uliyempa pa kukanyaga hawezi kukugeuka. Mgambo walipopita wakipaka X nyekundu kwenye vibanda vya kubomolewa, aliwaonyesha tenga.

"Mheshimiwa alisimama hapa. Kamuulizeni."

Walipaka X, wakaenda zao. Mama hakutikisika.

Nilikuwa kwake tena siku mheshimiwa, sasa diwani, alipokuja kueleza habari za wauzaji kuhamia soko jipya, huko nyuma kabisa ya mji ambako basi halifiki. Mama alijitwika tenga mpaka mkutanoni. Nilimwambia aliache nyumbani.

"Sasa atasimama wapi?" aliniuliza.

Akasimama juu yake. Alianza tena na "Kamwene." Akasema uhuru una mipaka, barabara lazima iwe safi, na atakayekutwa na ndoo ya nyanya pale baada ya wiki hiyo atanyang'anywa. Mama alikuwa amesimama mbele kabisa, anamtazama usoni. Diwani hakumtambua.

Nilitafuta hasira, sikuiona. Nilikuwa naangalia viatu vyake, vimepigwa rangi vizuri, na ubao mmoja ukipinda chini yake. Nikawaza kwamba labda wote wako hivyo, wanapenda mtu aachwe mpaka siku wanapopewa uwezo wa kutomwacha. Wazo lenyewe halikuniuma. Lilipita tu.

Aliposhuka, ubao ulikuwa umevunjika. Kesho yake tulibomoa kibanda wenyewe, mgambo wasije wakatuharibia mabati. Nilimwambia mama nitamtafutia tenga jingine.

"La nini?" alisema. "Huko nyuma nitamuuzia nani?"

Jioni alilipasua lile tenga kwa shoka, akalichochea jikoni chini ya sufuria. Mbao zilikuwa kavu, ziliwaka upesi. Aliniuliza kama ugali umeiva. Nikamwambia umeiva, tukala.