Karatasi ya Sweta na Damu ya Shangazi

Kabla sijapata stashahada ya maabara, nilikuwa mtoto wa mchawi. Ndivyo alivyoniita shangazi, dada mkubwa wa baba, pale Mlalo. Wadogo zangu wawili walivimba vidole, macho yakawa ya njano, wakafa kabla ya kuanza shule. Shangazi akasema mama, mtu wa Zirai, anakula watoto. Siku ya kufukuzwa, mama alipiga magoti mlangoni mbele ya wanawake wa mtaa. "Shikamoo, wifi." Shangazi aliendelea kufuma sweta, hakuitikia. Mama akashuka mlima na salamu yake.

Nilijisomesha mwenyewe. Niliuza matunda damu stendi ya Lushoto, nikaosha vyombo Tanga, na chuoni niliwashinda wavulana wote wa darasa langu. Nilipopata kazi hospitali, niliomba nipangiwe milimani. Watu walidhani nimekumbuka nyumbani. Nilikuwa nimemkumbuka shangazi.

Mwaka jana mjukuu wake akavimba vidole. Hospitali ikasema ni selimundu. Shangazi akawaita wanawake ili mke wa mwanawe arudishwe kwao Bungu, na kwa kujiamini akaniita na mimi, msomi wa ukoo.

"Waeleze, mwanangu, ugonjwa huu umeletwa na nani."

Nikamuuliza, "Shangazi, karatasi ya maelekezo ya kufuma sweta la shule unaiweka wapi?"

"Sandukuni, na kufuli. Mabinti wanaonifumia nawapa nakala tu."

"Na wao wanaisomaje?"

"Wanasoma alama tatu tatu. Kila tatu uzi wake. Hata mjinga anaweza."

"Basi mwili unafuma hivyo hivyo. Jeni ni ile karatasi, imefungiwa kwenye kiini cha seli. Haitoki. Inanakiliwa, nakala ndiyo inayotoka, na nje kuna wafumaji wanaosoma herufi tatu tatu. Kila tatu zinaita asidi amino moja. Zikiungwa kwa mpangilio wake, zikajikunja, unapata protini. Himoglobini inayobeba hewa kwenye damu ni mojawapo. Herufi moja ikikosewa kwenye karatasi, asidi amino moja inabadilika, na chembe ya damu inajipinda kama mundu."

"Kama lile sweta la mwanangu, mkono mmoja unaangalia Lushoto, mwingine Korogwe," jirani mmoja akadakia. Wakacheka.

"Si ndiyo hayo!" shangazi akasema. "Karatasi mbovu ya Bungu."

"Kila mtu ana mbili, shangazi, ya mama na ya baba. Moja ikiwa nzima, mtu haumwi. Mtoto huyu zote mbili zina kosa. Moja katoa mwanao."

"Mwanangu? Sisi damu yetu safi! Nipime mimi niliyemzaa. Na majibu uyasome hapa hapa, mbele ya hawa hawa."

Niliogopa atabadili mawazo. Kesho yake asubuhi nilimtoa damu kwa mkono wangu, yeye, mwanawe na mke wa mwanawe, wote kwa hiari yao. Kisha nikamfuata mama kwao Zirai.

Siku ya majibu wanawake walijaa ukumbini kwa shangazi. Mama alikaa nyuma, kajifunika kanga. Nilisoma polepole, kila jina, kama mtu anayekunywa chai ya moto. Mke ana karatasi moja yenye kosa. Mume anayo moja. Shangazi anayo moja.

"Marehemu baba sikuwahi kumpima," nikasema, "lakini alikuwa ndugu yako tumbo moja, na ugonjwa huu hauji bila karatasi mbili zenye kosa, ya mama na ya baba. Wadogo zangu hawakuliwa na mtu."

Sindano za kufumia za shangazi zilikuwa zimetulia mapajani. Nikamwita mama mbele. Alianza kupiga magoti, nikamshika mkono.

"Shikamoo, wifi," mama akasema, amesimama.

Kila mtu alijua hapa kwetu salamu hiyo haikataliwi mara mbili.

"Marahaba," shangazi akanong'ona.

"Wa nyuma hawajasikia, shangazi."

"Marahaba, wifi yangu!"

Mke wa mwanawe aliinuka, akaingia chumbani kufungua mzigo aliokuwa ameshaufunga.

Baadaye jirani aliniambia nimemdhalilisha mtu mzima mbele za watu. Nikamjibu kwamba ndicho nilichokwenda kusomea.