Mawe ya Mizani Yangu

Nauza maharage na mchele sokoni, mwaka wa ishirini na sita huu. Mizani yangu ni ile ya sahani mbili, na mawe yake nayajua kama vidole vyangu. Kwa hiyo jiwe la nusu kilo lilipoanza kupotea kila mwezi siku moja na kurudi jioni, nilimshuku jirani yangu wa meza, muuza vitunguu. Nikamsema mpaka tukanuniana. Maskini, hakuwa na kosa.

Aliyelichukua ni mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pekee. Nilimpachika jina la Hewala, maana chochote ukimwambia, jibu lake ni hilo: "Hewala, mama." Wenzangu wenye wakwe wa mdomo mrefu niliwacheka waziwazi.

Aliposhika mimba nilimkalisha jikoni nikamwambia, "Usile ukashiba. Mtoto akinenepa tumboni atakuua."

Sikusema kwa roho mbaya. Mwanangu nilimzaa na kilo nne na nusu, uchungu wa siku mbili, nikachanika, na nikaapa mke wake hatapita nilikopita. Nikawa nampakulia upawa mmoja, wa pili naurudisha sufuriani. Aliutazama ukirudi. "Hewala, mama."

Kila akitoka kliniki niliikagua kadi yake. Kuanzia mwezi wa sita kilo zinapanda, pole pole, vizuri. Nikavimba kichwa. "Unaona? Wakubwa tunajua." Mwezi wa nane lilipotea jiwe la kilo mbili, nikamtukana muuza vitunguu mbele ya wateja.

Siku zake zilitimia, akajifungua mtoto wa kike. Kilo moja na gramu mia sita. Nesi alimtazama mtoto, akaitazama kadi, akamtazama mtoto tena. "Mbona kadi inasema mama ameongezeka vizuri?"

Mkwe wangu alinionyesha mkoba wake kwa kidole. Niliufungua nikakuta kitambaa kimefungwa fundo, na ndani yake mawe yangu. Alikuja nayo hata siku ya uchungu, akidhani watampima tena.

"Nilikuwa najifunga nayo kiunoni nikienda kupimwa," alisema, macho chini. "Mwezi wa tano nesi alinigombeza mbele za watu kwamba siongezeki. Na wewe mama ulisema nisishibe. Sikutaka kumkosea mtu."

Nesi aliketi ukingoni mwa kitanda. Hakugomba. Alisema tu kwamba wangejua mapema wangemfuatilia kwa karibu, na kwamba chakula cha mama ndicho kinachomkuza mtoto tumboni. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza.

Mjukuu wangu aliishi siku kumi na moja. Nilimbeba mimi mwenyewe siku ya mwisho. Mikono yangu imezoea kupima, nikajua hafiki hata uzito aliozaliwa nao.

Tuliporudi kutoka kuzika nilipika sufuria nzima, nikampakulia mkwe wangu sahani ikafurika. "Kula, mwanangu. Shiba." Akala. Machozi yanashuka, yeye anatafuna, anameza, hata ladha haisikii. Anakula kwa sababu nimemwambia.

Nikamshika mkono. Nikamwomba anikatalie, hata mara moja tu, aniambie hataki.

"Hewala, mama," akasema, na akachota tonge jingine.